Cherehani ya Hamisi

Jumanne, Nyamirambo.

Bado nina hasira. Binti yangu Zuhura alipiga simu leo kutoka Ubelgiji kumsihi mdogo wake, Hamisi, asiuze cherehani yake ili apate pesa za kubashiri mtandaoni kama dola itapanda au itashuka ndani ya dakika moja.

"Huku sheria inakataza kutuuzia kitu hicho sisi watu wa kawaida. Wewe hao wa mtandaoni wanakufungulia akaunti kwa nini?" Zuhura alimwuliza.

Hamisi alicheka. "Mnanyimwa riziki huko, dada! Mimi wamenikaribisha kwa jina."

Riziki gani, nilimuuliza, inayokatazwa kwao ikaletwa kwetu?

Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yao. Nilimpa Hamisi mimi mwenyewe alipooa, kwa hiyo siwezi kumzuia.

Mnunuzi anakuja kesho. Jioni hii Hamisi ameipaka mafuta polepole, kama mama yake alivyomfundisha.