Nafasi ya Madaba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Matogoro hatujambo. Babu yako anapalilia mahindi huku akilalamikia mgongo.

Unasema tawi moja la benki yenu halijaleta takwimu, na bosi anataka ujaze za kukisia. Nilipokuwa karani wa chama cha akiba na mikopo, taarifa ya tawi letu la Madaba haikufika, nikanakili idadi ya mwezi uliopita ya wanachama waliohudumiwa. Meneja akaisoma mkutanoni. Mzee mmoja wa Madaba akasimama, matope hadi magotini.

"Aliyetuhesabu alipita wapi? Daraja limesombwa, tawi limefungwa mwezi mzima!"

Mwezi uliofuata ikakosekana taarifa ya tawi la Peramiho. Nafasi yake niliiacha wazi. Meneja alinuna, kisha akainua simu: "Peramiho, kuna nini huko?"

Bibi yako