Mpishi Mwenye Kofia Nyeupe

Guangzhou, 4 Machi 2012

Da Suma, assalaam alaykum.

Kabla hujaendelea, funga mlango. Haya yasitoke mdomoni mwako, wala usimsomee mtu hata mstari mmoja, hata mumeo. Ukimaliza, choma. Sikutumia barua pepe kwa kuwa ile ya ofisini Mzee Khatibu huifungua mwenyewe kila asubuhi. Hii nampa Jumbe, anayerudi Joburg kesho na mzigo wake wa viatu.

U hali gani? Mgongo umepoa? Watoto bado wanakujibu Kizulu? Mimi mzima. Kazi ya kumkagulia Mzee vitambaa vya mapazia inakwenda; kila jora nalifungua mara mbili kabla ya kutia sahihi, unavyonijua.

Jambo lenyewe ni chakula. Unakumbuka Mzee aliponiaga dukani? "Usihangaike, mwanangu. Tafuta mpishi mwenye kofia nyeupe. Hao ni Waislamu wenzetu." Siku ya kwanza tu nikampata, nyuma ya hoteli ile ile anayofikia Mzee kila safari: mpishi mnene, kofia nyeupe kichwani, na mlangoni simba wa jiwe aliyevunjika sikio. Nikamtolea salamu. Akatabasamu, akainamisha kichwa. Nikasema alhamdulillahi, nimefika kwetu.

Siku ishirini nimekula pale. Walinicheka nilipokunywa chai ya kwanza, kumbe ni ya kuoshea bakuli na vijiti. Mama mhudumu akanifundisha kushika vijiti kwa kunipiga vidole. Unaketishwa meza moja na watu usiowajua, na hakuna anayestaajabu ila kwa nywele zangu. Na tambi zao, dada, zina mchuzi ambao sijapata kuuonja popote. Nikamwandikia Mzee kuusifu.

Jana ilinyesha, wakanihamishia ndani, karibu na jiko. Mpishi akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Nyuma yake ilining'inia miguu minene yenye kwato. Nikamwonyesha yule mama bakuli langu, nikauliza kwa mikono: ni nini hii? Akajisukuma pua juu kwa kidole, akakoroma, akacheka kwa fahari.

Ile ni kofia ya kazi tu, dada. Tangu jana nala mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vya kuchoma vya barabarani.

Mzee anafika tarehe 25 na wageni wawili, na ameniandikia kwamba atawalisha "pale pako". Unajua alivyomfukuza Égide kwa soseji moja tu aliyoila stoo, na Égide ni Mkristo. Mimi atanifanya nini? Nikipoteza kazi hii, kibali changu cha kukaa Afrika Kusini kinakwenda nayo. Niseme, au nijifanye mgonjwa mpaka aondoke?

Mdogo wako,
Mselem


Fordsburg, 14 Machi 2012

Mdogo wangu Mselem, waalaykumu salaam.

Barua imefika, Jumbe kaileta ndani ya kiatu. Mgongo haujambo. Watoto ndio hao; jana nilimwambia mdogo akaoge, akanijibu "eish, Mama".

Kwanza, kula. Mayai matupu yatakufunga tumbo. Pili, hukujua, na Mungu anajua kwamba hukujua.

Sikuichoma barua. Nisamehe. Nilirudi kuisoma kwa ajili ya yule simba. Juzi nafuta vumbi ofisini kwa Mzee, nikaishusha picha iliyo juu ya kabati la mafaili, picha ninayoifuta mwaka wa sita sasa. Mzee kamshika bega mpishi mnene mwenye kofia nyeupe. Pembeni yao simba wa jiwe. Sikio moja hana.

Nikaketi kitini kwa Mzee, jambo nisilowahi kulifanya. Brigitte wa kaunta akachungulia: "Weye Sumaiya, leo ndiwe bosi?" Nikamwambia ni miguu tu.

Umeelewa? Kila safari anakula pale. Ukijifanya mgonjwa, utamwacha mzee wa watu ale tena, nawe unajua. Mimi pia nala kwa mshahara wake, nami naogopa. Lakini mwambie. Si mbele ya wageni, wala si akiwa ameshika bakuli. Mlangoni.

Dada yako,
Sumaiya


Guangzhou, 29 Machi 2012

Da Suma, salaam. Nimekula. Naanza na hilo ili usiwe na wasiwasi.

Mzee alifika Jumapili. Wageni walipokwenda kupumzika, nikamwomba tutembee. Akatangulia yeye, bila kuuliza njia. Tulipofika kwa simba, akampapasa kichwa kama mtu anayemfahamu.

"Mzee, usiingie. Hapa wanapika nguruwe. Mimi nimekula siku ishirini."

"Nani kakwambia?"

"Mama mhudumu. Alikoroma."

"Alikoroma?"

Nikamwonyesha, pua juu na yote. Wapita njia wakasimama kutazama.

Mzee hakucheka. Mpishi alikuwa anampungia mkono kutoka ndani. "Miaka saba, Mselem," akasema. Halafu, "Na ule mchuzi..."

Mpishi akatoka kumlaki. Mzee akagusa kofia ya mwenzake, akainua viganja kama anayeomba dua, kisha akajisukuma pua juu, yeye mwenyewe, Mzee Khatibu! Mpishi akajipiga paji la uso. Akatushika mikono, akatupeleka mitaa minne hadi mkahawa ulio nyuma ya msikiti wa zamani. Mpishi wa pale naye ana kofia nyeupe. Safari hii sikuketi mpaka nilipomsikia akisema Bismillahi.

Tulikula. Mchuzi haufikii ule wa kwanza, na sitalisema tena. Mzee akaweka vijiti chini.

"Égide yuko wapi siku hizi?"

"Nasikia Rosettenville, ananyoa watu."

"Dada yako amtafute. Kazi yake ipo. Radhi nitamwomba mwenyewe."

Basi nenda, dada. Usimweleze sababu, hiyo ataisema Mzee, akitaka. Ukimpata nijulishe upesi, Mzee ananiuliza kila asubuhi. Usipige hotelini, wanakata simu wakisikia lugha ngeni. Piga namba iliyo nyuma ya bahasha, asubuhi kabla hujafungua duka. Huku ni mchana, nitakuwa mkahawani. Atapokea mtu asiyejua Kiswahili wala Kiingereza. Toa salamu, kisha sema "Mselem". Asipojibu kitu, kata. Akikuitikia salamu yako yote, hadi mwisho, subiri hapo hapo. Nakuja.

Mdogo wako,
Mselem