Mapigo ya Kitanda Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Thelathini na tisa! Watoto thelathini na tisa nimewapokea kwa mikono hii, kila mmoja na sahihi yake kwenye daftari la mafunzo. Bado mmoja. Nikimpokea wa arobaini nafanya mtihani, natoka mkunga kamili. Mimi, niliyepiga deki wodi hii hii miaka tisa! Darasani wananiita Bibi. Waite tu.

Sista Miwani, mkunga mkuu wa wodi, kasema wa arobaini atanisimamia mwenyewe. Ndiye aliyeninyang'anya ufagio akanijazia fomu za chuo. Sitamsahau mpaka naingia kaburini.

Jumatano, 5 Machi

Kitanda namba nne, mama wa mimba ya kwanza. Homa kali, uchungu umeshika. Leba imefurika, Sista Miwani anazalisha wawili kwa mpigo — akanituma nimsikilize mtoto. Nikaweka kipembe cha kusikilizia tumboni, nikainama, sikio juu yake. Pu-pu-pu-pu, mbio! Mia na ishirini na nane kwa dakika. Nikaandika kwenye chati: saa tatu asubuhi. Nikamwambia mama kwamba mtoto yupo, moyo unapiga vizuri. Alilia kwa furaha.

Saa sita akajifungua mikononi mwangu. Wa kiume. Hakulia. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuchubuka.

Basi. Siwezi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Ngozi haichubuki kwa saa tatu. Yule mtoto alishafariki tangu jana yake, pengine juzi yake. Sasa nilisikia nini?

Najua nilichosikia. Tulifundishwa mwaka wa kwanza kabisa: ukimsikiliza mtoto, shika na mkono wa mama, upime mapigo yake. Yakienda pamoja, unayemsikia ni mama. Sikushika. Haraka zangu! Nilimtaka wa arobaini, nikamsikia. Kumbe moyo wa mama mwenye homa, unakimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wa namba nne kaja juu, na ana haki. Chati inasema saa tatu mtoto hai, saa sita maiti. Basi kuna aliyezembea, na zamu ilikuwa ya Sista Miwani. Kasimamishwa kazi mpaka kikao cha Jumatatu.

Nilimkuta anakunja sare zake. Akaniambia daftari langu ameshalitia sahihi, wa arobaini anahesabika hata akizaliwa vile. Akaniangalia juu ya miwani, kwa muda. Nikasema asante. Asante! Mdomo wangu huu, Mungu wangu.

Jumapili, 9 Machi

 Mama yangu ameshawatangazia majirani wote kwamba bintiye ni mkunga. Leo nilitaka nimweleze, nikaishia kusema kichwa kinaniuma. Akanikanda paji la uso kama mtoto. Nililia, akadhani ni kichwa.

Kesho nasema. Naapa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa stoo ya mafagio, mlango uko wazi, ofisi ya kikao naiona. Kikao saa nane.

Asubuhi mama wa namba nne alikuwa anafungasha, anaruhusiwa leo. Akaniita nikae kitandani. Lawama hana hata moja! Alisema mimi ndiye mtu pekee aliyemsikia mwanawe akiwa hai. Akaomba nimwonyeshe alikuwa anapigaje. Akanipa kiganja chake.

Ningefanyaje? Niligonga kwa kidole. Pu-pu-pu-pu. Akafumba macho, akaniomba nirudie, asije akasahau. Nikarudia. Halafu akaanza kugonga mwenyewe, kifuani pake.

Nikisema, Sista Miwani anarudi kazini, mimi narudi kwenye deki, na yule mama ananyang'anywa mtoto mara ya pili. Nikinyamaza, nitawasikilizaje watoto wa watu na masikio haya?

Sista Miwani yuko kwenye benchi nje ya ofisi. Kavaa nguo za nyumbani, sijawahi kumwona hivyo. Anaonekana mdogo.

Wamepita namba nne na mumewe. Sista kainuka kuwapa pole, kanyoosha mkono. Mume hakuupokea. Mama kapita tu, kidole bado kifuani, kinagonga.

Sista kaniona. Katikisa kichwa, kidogo tu — hapana, usije. Kumbe anajua nilisikia moyo wa nani! Anajua tangu siku ile!

Mlango wa ofisi umefunguliwa. Wanamwita. Kaniangalia tena. Nimesimama mlangoni pa stoo, kalamu bado ninayo...