Karani Wetu wa Unguja

Kishapu, 12 Septemba 1956

Athanas, mambo yametoka! Jumapili iliyopita nimeisoma barua yako kwa sauti uani kwangu, mbele ya Maduhu, baba yake Scolastika, na sasa Kishapu nzima inajua kwamba wewe si karani wa bandari, ni mchukuzi.

Haya, sasa salamu. Mdogo wangu mpendwa, u mzima? Kile kifua cha masika kimepona? Najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo marahaba. Sisi mhola, salama tu, shemeji yako Bujiku hajambo, pamba tumevuna na yetu imepata daraja la kwanza. Ya jirani siitaji, si tabia yangu. Mwandiko ukiuona umepinda usidhani darasa la tatu la masista limenitoka. Ni hasira tu.

Nilikuandikia mwezi wa saba kwamba Eustace wangu, baada ya miaka minne kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Geita, ameitwa na mwenye kiwanda cha barafu huko Unguja. Ameitwa, Athanas, hakuomba. Mzungu wake wa mitambo aliposikia anaondoka alitafuta kiti akakaa. Nikakuomba uwaandikie yeye na mkewe Scolastika mambo ya kujua kabla ya kuhamia mji huo wa kale. Mambo ya kujua wao. Sikukuomba mambo ya kujua Maduhu.

Nawe desturi ya hapa huijui? Barua ikifika haisomwi chumbani kama kitu cha wizi. Watu wanaitwa, wanakaa, mimi nasimama nasoma. Maduhu alikuja makusudi, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba binti yake havuki bahari mpaka asikie neno la mjomba karani atakayewapokea. Bila karani, Scolastika anarudi kwa baba yake, na Eustace anakwenda peke yake kukaa na barafu. Hilo ndilo lililokuwa limelala juu ya ile karatasi yako.

Mwanzo ulinifurahisha na kuniudhi pamoja. Umeandika wasije wakati wa masika, maana chumba ulichowatafutia Mji Mkongwe kiko ghorofa ya pili na dari linavuja. Vizuri. Umeandika Scolastika asibebe jiwe la kusagia, kwani wanaokaa chini watadhani nyumba inabomoka. Hapo niliacha kusoma nikawaambia watu kwamba mkamwana wangu amekuzwa kwa unga wa jiwe, na hao wa chini watazoea. Umeandika wachukue michembe ya viazi na nsansa, mboga zetu za kukausha, kidogo tu, kwa kuwa unyevu wa huko unaotesha ukungu hata kwenye mkanda wa suruali. Umeandika mtu hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa aende zake bila kununa. Hapa kwetu anayegeuka mlangoni ametangaza ugomvi. Umeandika mchana wa Ramadhani wasile barabarani. Hilo ni adabu, nililisoma mara mbili. Umeandika Kiswahili chetu kitachekwa. Kichekwe. Chao kimewahi kulima pamba?

Kisha ukafika kwenye magoti. Umeandika Scolastika asipige magoti njiani kumwamkia kila mzee kama alivyofunzwa kwao, kwa sababu vichochoro ni vyembamba, na hamali akitokea na mkokoteni wenye mzigo hawezi kuusimamisha upesi. Nami mdomo wangu, kwa kuzoea kusoma, ulikuwa umeyatangulia macho. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema uani: “Nalijua hilo kwa sababu hamali huyo ni mimi.”

Maduhu akauliza hamali ni nini. Nikamwambia ni cheo.

Tungepona hapo. Lakini Eustace alikuwa nyuma ya bega langu, amekwisha kuusoma mstari unaofuata, na mtoto huyu niliyemzaa mwenyewe hajui kuficha uso. Maduhu akamtazama, akamwambia amalizie yeye. Akamalizia, polepole, kama padri. Kwamba miaka kumi na mmoja unabeba magunia ya karafuu. Kwamba unakaa chumba kimoja huko Ng'ambo, na wasitegemee nyumba ya mjomba. Kwamba vyombo vyao utavichukua wewe mwenyewe kutoka bandarini, na ukiwa nao hakuna atakayewacheka usoni.

Maduhu alicheka mpaka akajifuta macho. Akaniuliza wale watu waliokuwa wakivua kofia gulioni kila nilipolitaja jina lako, je, salamu zao nitawarudishia lini, na nitazifunga ndani ya nini. Akasema kumbe ofisi ya ndugu yangu ina magurudumu. Mimi, Klara, niliyewatetea wanawake wa mtaa huu mbele ya mtemi, nikabaki naikunja karatasi yako na kuikunjua. Kisha akasema binti yake anabaki.

Ndipo Scolastika akapiga magoti mbele ya baba yake. “Baba,” akasema, “huyo karani tumesifiwa siku zote, na hajatuambia hata mlango uko wapi. Huyu mchukuzi ametuambia mpaka dari linalovuja. Mimi nakwenda kwa mchukuzi.”

Maduhu akaninyooshea kiko chake. “Ataenda. Lakini nami nakwenda kuona kwa macho yangu. Na wewe mama mkwe wake utakwenda, ulale chini ya dari hilo siku saba.”

Nimekubali. Ningefanyaje? Lakini hasira yangu haijaisha, na sasa nitakuambia imekaa wapi.

Wageni walipoondoka, Eustace alisema kubeba magunia si aibu, ila mjomba ametudanganya miaka kumi na mmoja, na hilo hajui aliweke wapi. Bujiku akaitikia. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, Athanas, nikaguna kama anayekubali.

Wewe hukuandika hata siku moja kwamba u karani. Barua yako ya kwanza ninayo, ipo hapa mezani. Inasema: nimepata kazi bandarini, mizigo ni mizito lakini nguvu ninazo. Mama alikuwa kitandani, mguu umevimba, hajala siku mbili. Nikamsomea: nimepata kazi bandarini, ya ukarani. Alicheka. Akaomba uji. Akaniambia nirudie pale pa ukarani, nikarudia kwa sauti mpaka jirani wakasikia. Barua ya pili nikakuongezea meza, ya tatu nikakupa saa ya mkononi. Mama alikufa ana mtoto karani, nami nikabaki naye huyo karani, nikamtembeza gulioni kila wiki. Ulipoanza kuletewa salamu za “bwana karani” ulielewa, na hukunikana. Mimi Jumapili nimekukana kwa kuguna.

Usinijibu kwa barua, nitaisoma kwa sauti. Na usiazime koti la mtu kuja kutupokea. Nguo zako za kazi zinatosha. Vyombo vikishashuka, kabla hujavigusa, nitasema mbele ya Eustace na Scolastika na huyo Maduhu na kiko chake ni nani aliyekuajiri ukarani. Wewe simama tu unyamaze, kama ulivyonyamaza siku zote.

Bujiku anakusalimu, yeye anabaki na ng'ombe. Watoto wa shangazi wanakusalimu. Masista wanauliza kama unakwenda misa, nimewajibu unakwenda. Kalale salama, mdogo wangu, na ule vizuri.

Ni mimi dada yako mwenye hasira na anayekupenda, Klara Mama Eustace. Gari moshi mpaka Dar es Salaam, kisha meli. Sote wanne tunashuka Unguja Jumatano, tarehe 17 Oktoba.