Kila Mtu Ananiambia Nitulie

Mpendwa Mama Magige, shikamoo. Mimi ni mke wa mvuvi hapa Murangi ingawa kwetu nilikozaliwa ni upande wa Bunda, kwa wakulima wa pamba, na safu yako huwa naisoma kwenye magazeti wanayofungia maandazi, kwa hiyo mara nyingi barua naipata nzima lakini jibu limeliwa na mafuta. Naomba hili langu unisaidie maana nimeshindwa, sina wa kumwambia, na nikikaa nalo nahisi litanipasua.

Nina mimba ya miezi saba, ni ya pili. Ile ya kwanza mtoto alikuwa wa kucheza sana, alinipiga mateke mpaka nikawa siwezi kuanika dagaa bila kushika kiuno, usingizi sikuwa nao, na mama mkwe wangu, ambaye ananipenda, simsemi vibaya, alikuwa ananikanda mgongo kwa maji ya moto na kunipa pole. Basi mwezi wa nane wa mimba hiyo kuna siku niliamka nikaona tumbo limepoa, mtoto hachezi, nikamwambia mama mkwe, naye akacheka akasema, "Afadhali, leo ametulia. Wakikaribia kuzaliwa wanatuliaga hivyo. Na wewe tulia, ulale." Nikalala, Mama Magige. Nililala mchana kutwa, usingizi mtamu ambao sikuwahi kuupata tangu mimba iingie, nikaamka nikala ugali na sato nikamaliza, nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu ameamua kunihurumia. Kesho yake bado ametulia. Tulipofika hospitali wakaniwekea ile mashine tumboni, daktari akasikiliza, akasikiliza tena upande mwingine, kisha akaizima, na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo.

Alikuwa wa kiume. Akina mama wazee walimzika nyuma ya nyumba, mimi sikuonyeshwa mahali, wala hakupewa jina, na wakaniambia nisilie sana nitafunga kizazi. Hapa mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto wake, lakini mimi bado naitwa Getruda.

Sasa neno hilo "tulia" likitajwa nasikia mwili unakufa ganzi, na tangu nibebe mimba hii hakuna neno ninaloambiwa zaidi ya hilo, mume wangu Mugeta ananiambia nitulie, jirani ananiambia nitulie, na kliniki ndiko walikonimaliza, maana nesi alitukalisha wajawazito wote kwenye mabenchi akatufundisha namna ya kuondoa wasiwasi, fumba macho, legeza mabega, weka mkono tumboni, vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, wenzangu wanafuata vizuri, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Tulieni, mama zangu. Ukitulia wewe, na mtoto anatulia." Nikasimama nikatoka, sikurudi hata kuchukua kanga niliyokalia, na kliniki sijaenda tena.

Siku hizi sikai. Natembea ufukweni mpaka watu wanauliza nimepoteza nini, kanisani nasimama nyuma, na nikihisi mtoto amenyamaza najibonyeza tumbo kwa vidole mpaka ashtuke, nakunywa soda ya baridi, maji ya sukari, chochote cha kumwamsha. Juzi Mugeta alinikuta jikoni najitikisa, akakaa chini pale mlangoni akaniuliza, "Wewe zamani ulikuwaga unaimba ukipika. Sasa unapigana na nani humo?" Nitamwambiaje kwamba mtoto wetu alikufa mimi nikiwa nimelala, tena nimefurahi? Mwezi wa nane unakuja, na naogopa nikipumzika hata kidogo na huyu naye atatulia. Nifanyeje?

Getruda, Murangi

*

Getruda mwanangu, marahaba, na pole. Pole ya kufiwa kwanza, maana katika barua yako nzima sioni aliyekupa. Walikupa makatazo tu: usilie, usiulize, usione. Kulia hakufungi kizazi. Ni uongo wa siku nyingi, na mimi umenichosha.

Sasa nikugombeze kidogo. Una mimba ya miezi saba, uliwahi kupoteza mtoto, halafu unaacha kliniki kwa sababu ya neno? Neno lenyewe nimelielewa, na pengine ningekuwa mimi nami ningeacha kanga. Lakini mtoto hajui maneno, anahitaji kupimwa. Na hayo mambo ya soda na kujibonyeza uyaache leo. Soda haipimi mtoto, inakuchelewesha nyumbani wakati ulitakiwa uwe njiani. Siku mtoto akicheza pungufu ya kawaida yake, unaondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Humsubiri Mugeta atoke ziwani, humuulizi mama mkwe, husemi tuone kesho. Si kweli kwamba wakikaribia kuzaliwa huacha kucheza. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, ila mchezo hauishi. Mama mkwe alikuambia kile alichoambiwa na waliomtangulia. Msamehe, lakini usimwache aendelee kuwaambia wengine.

Na wewe hukumwua mtu kwa kulala. Kama usingizi wa mama ungekuwa unaua, huku kwetu Mara asingebaki hata wa kufukuza kuku kwenye dagaa. Huenda mtoto alikuwa ameshaondoka kabla hujaegemea mto, mimi sijui, wala wewe hujui. Ninachojua ni kwamba ulifurahi kwa sababu ulimdhania mzima. Ile ilikuwa furaha ya mama, na imekugeukia kesi ambayo hakimu ni wewe, shahidi ni wewe, na mfungwa ni wewe. Inaniuma kuisoma.

Kiswahili chetu ndicho kilichokunasa. Ziwa lisilo na mawimbi limetulia, mtoto aliyeacha kulia ametulia, mama aliyepungukiwa na wasiwasi ametulia. Nesi alimaanisha huyo mama, wewe ukamsikia mwanao wa kwanza. Halafu ukaenda kufanya kinyume cha kinachokufaa. Ukizunguka huku na huku kutwa nzima humsikii mtoto, kutembea kwako kunakuficha mateke yake. Mama akikaa kimya ndipo anapoyasikia. Mazoezi yale hayamlazi mtoto, yanakushusha wewe ili umsikie.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila siku ukishakula, lala kwa ubavu wa kushoto. Legeza taya, maana najua unayauma meno. Legeza mabega. Vuta hewa kwa pua bila haraka, kisha itoe kwa mdomo taratibu zaidi ya ulivyoivuta, kama unapoza uji. Wasiwasi utarudi, tena utarudi na maneno mengi. Usibishane nao, rudi kwenye pumzi inayofuata. Ukishindwa kabisa kulala, anza na ule wimbo wa jikoni ambao Mugeta anautafuta, kwani anayeimba anavuta pumzi bila kufundishwa. Mkono tumboni uweke siku utakapoweza. Hakuna anayekukimbiza.

Mugeta umwambie yote, hata ile ya kufurahi. Mwanamume anayekaa chini mlangoni akauliza vile anataka kuambiwa, na mtoto yule alikuwa wake pia. Kisha mwende wote wawili kwa mama mkwe awaonyeshe mahali alipozikwa. Mpeni mtoto jina, mlie pale mpaka mchoke. Usingoje mtu akuruhusu.

Jumatatu nenda kliniki, Mugeta akupeleke. Mwambie nesi, "Neno tulia lina msiba kwangu, niambie pumua." Atakuelewa, na asipoelewa mweleze tena. Mwambie pia kwamba hulali na hukai, kwa sababu hofu ya namna hiyo inatibiwa kama unavyotibiwa malaria, na hakuna aibu.

Na usiseme huna jina la kuitwa, wewe ni mama wa wawili. Mmoja alizikwa bila wewe kumuaga. Mwingine yupo hapo, anasubiri ukae chini. Basi kaa, pumua, umwambie kwa sauti yako, "Cheza, mwanangu, mimi nasikiliza." Akikupiga teke, mama, huyo amekujibu.

Mama Magige, Iringo, Musoma