Mhuri Juu ya Michoro ya Rispa

S.L.P. 218,
Voi.
Alhamisi, 11 Novemba 1999

Mpendwa mwanangu Ruweida,

Assalaam alaykum. Rispa ameniambia leo asubuhi kwamba amekwisha kuchora upya michoro kumi na mitano. Imebaki tisa. Nimetanguliza hilo kwa kuwa najua ndilo utakalolitafuta, na ukilikosa hutazisoma salamu.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na Mansur, na mtoto? Kikohozi chake kimepoa, au baridi ya huko haijamwachia? Mama yako Nasima hajambo. Goti lamsumbua akipanda ngazi, lakini halijamzuia kwenda harusi hata moja. Mimi ni mzima. Naandika habari za ndovu walioingia mashamba ya Mbololo, na gazeti lazifupisha kama kawaida.

Utauliza kwa nini michoro iliyokuwa tayari mwezi uliopita ichorwe upya. Nitakueleza kwa utaratibu.

Ulipoandika mwezi wa Julai kwamba wenzako huko watengeneza programu za kompyuta zisizofungiwa na mtu, ambazo yeyote aruhusiwa kuzinakili, na kwamba mnatafuta watu wa kujitolea wa kuwachorea vile vipicha vidogo vya kubonyeza kwenye skrini, nilidhani kazi yangu ni kutafuta wachoraji. Nilikosea. Ukitangaza kazi ya kujitolea hapa Voi, wa kwanza kufika ni viongozi.

Tulikutana watu kumi na mmoja. Mkutano ulipofungwa tulikuwa na viongozi tisa. Mwenyekiti ni Elijah, karani mstaafu, ambaye sijamwona akitumia penseli ila kujikuna sikio. Katibu ni Reuben, anayeandika kumbukumbu safi kabisa za mikutano isiyoamua kitu. Mlezi alisinzia mkutano mzima, hajui alichaguliwa. Wawili tuliobaki ni mimi na Rispa, na mimi sichori.

Rispa humjui. Alizaliwa kambi ya mkonge, wazazi wake walitoka Vihiga, na kazi yake ni kupaka vibao vya maduka. Kibao akishakimaliza huwa na jina la mwenye duka, na duka likipata mwenyewe mwingine hupakwa rangi juu. Ulipoandika kwamba jina la mchoraji litafuatana na kazi yake kila itakakonakiliwa, alinitaka nimsomee mstari huo mara mbili. Hakuuliza swali jingine. Akaenda kuchora.

Alichora ishirini na minne. Mahali pa kutupa taka aliweka debe lililotoboka. Barua ni mfuko wa posta. Kufungua jalada ni jalada la ofisi ya serikali lenye uzi wake. Kutafuta ni tochi. Wino mweusi, mistari safi, hakuna lililozidi.

Tarehe mosi nilimkabidhi Elijah bahasha, kwa kuwa kamati ilikuwa imepitisha kwamba kila kitu kiendacho ng'ambo kipitie kwa mwenyekiti. Upumbavu huo ni wangu. Nimeripoti mikutano miaka ishirini na minane, nilipaswa kujua.

Aliirudisha siku ya nne. Kila mchoro ulikuwa na mhuri wa zambarau katikati: MALI YA CHAMA CHA WACHORAJI WA KUJITOLEA VOI. HAIRUHUSIWI KUNAKILI. Mhuri huo alichongewa na Makau, fundi viatu wa pale stendi, ambaye huchonga chochote uandikacho na haulizi. Nilimuuliza Elijah kwa nini katikati. Akasema pembeni mtu anaweza kukata.

"Mzee Mbaruk," akanifundisha, "kazi isiyo na mhuri ni ya nani? Mzungu akiipata hivyo atasema ameiokota njiani."

"Ndilo wanalotaka, mwenyekiti. Kila mtu aiokote."

"Basi hawajui thamani ya vitu," akasema, akanionea huruma.

Jumapili kamati iliketi kutafuta suluhisho. Elijah alikuja nalo mfukoni: mhuri wa pili, KATAZO LIMEFUTWA, upigwe juu ya ule wa kwanza. Watu wazima wanane waliitikia kwa vichwa. Makau alikuwa amekwisha kuuchonga.

"Lete paji lako la uso, mwenyekiti, tuujaribie hapo," Rispa akasema.

Reuben akauliza kama hayo yaingie kwenye kumbukumbu.

"Yaandike. Na jina langu uliandike vizuri, maana hapa ndipo mnapolikumbuka."

Akachukua bahasha yake, akatoka. Nilidhani tumempoteza. Leo asubuhi kaja mwenyewe, vidole vyeusi, na michoro kumi na mitano mipya. Debe ni zuri kuliko la kwanza. "Sikuwachorea wale," akasema. "Nisomee tena ule mstari." Nikamsomea. Sharti lake ni moja: kiongozi asiiguse.

Barua ya Elijah ya kusindikiza michoro sitaituma kama barua. Ina majina ya viongozi tisa, kisha Rispa wa kumi, "mtendaji". Nyuma ilikuwa tupu na karatasi ni nzuri, kwa hiyo ndiyo hii uliyoshika. Igeuze ukipenda. Nayo ina mhuri.

Wewe waambie wenzako waandike jina moja: Rispa Kavetsa, Voi. Usikubali waongeze lingine hata mimi nikikuomba.

Mama yako akusalimu sana, na asema mtoto apakwe mafuta ya karafuu kifuani. Shangazi Khamisa amekutumia kikoi, kitakuja na mtu. Msalimu Mansur. Mungu akulindieni nyumba yenu, akupeni afya na riziki ya halali.

Umesema orodha yenu ya kupokea michoro yafungwa tarehe 30, na barua yako ya mwisho ilichukua siku tisa. Rispa atamaliza Jumatano. Elijah ameitisha mkutano Alhamisi ijayo, tarehe 18, saa nne kamili, wa kuchagua kamati ndogo ya usafirishaji. Viongozi wote wamethibitisha kufika. Saa nne hiyo mimi na Rispa tutakuwa dirishani Posta, na bahasha ataishika yeye.

Mjomba wako akupendaye,
Mbaruk