Ampuli ya Kuvaa Shingoni

Yaya Mama Neema,

Nakusalimia kutoka Goma, wewe na Papa Neema na wote wa pale Bukavu. Ule mugongo umeacha kukusumbua? Sisi tuko, mavumbi ya volkano tunakula kama kawaida. Neema ni muzima hapa kwangu, na habari yake ndiyo imefanya nikuandikie.

Unajua hii shule ya Keshero ninayofundisha ilipata umeme. Uniti za umeme tunazolipia zilikuwa zinaisha mbio, basi prefe, mukubwa wa shule yetu, akasema wanafunzi wenyewe wasimamie taa. Wazo zuri. Lakini unakumbuka kile kibao walikuwa wanatuvalisha tukisema Kiswahili darasani, na hukivui mpaka ukamate mwingine? Prefe alikikumbuka pia. Akatoa ampuli ya taa iliyoungua, akaifunga kamba. Mutoto anayeacha taa inawaka bure anaivaa shingoni mpaka amukamate mwenzake. Sisi walimu tulipiga makofi, na mimi ndani.

Siku moja ya mvua Neema alisahau taa ya darasa lao. Yaya, mutoto alivaa ile kitu juma nzima, na juma lililofuata tena. Alienda nayo kanisani. Watoto wa njiani wakamuita Mama Ampuli. Wenzake walijua dawa: wanawasha taa kisirisiri, wanamusingizia mwingine. Sasa uniti zinaisha kuliko zamani, lakini nani atamuambia prefe? Neema alikataa kutega mutu. Akaacha kula, akasema anarudi kwako, masomo basi. Nilimukaripia sana: "Weye ni mujinga? Tafuta mutu umupe!"

Akamupata. Ni Riziki, mutoto mudogo ambaye familia yake ilikimbia vita Masisi, wanalala chini ya shiti ya plastiki. Taa ya kubonyeza ukutani hakuwa anaijua. Neema akamushika mukono, akamuonyesha: "Bonyeza hapa, uone." Riziki akabonyeza, ikawaka. Akacheka, akazima, akawasha tena. Hapo ndipo Neema alimuita prefe.

Siku ile mutoto wako alikula fufu na samaki sambaza mara mbili. Nilifurahi, Yaya, sikudanganyi.

Riziki alienda kwao na ampuli shingoni, hakurudi shule. Prefe akasema mbele ya bendera kwamba wakimbizi wametuibia ampuli. Akafunga nyingine kamba, akamupa Neema aitunze, awe mukubwa wa taa wa shule yote, kwa sababu ana macho. Tukapiga makofi tena.

Unisalimie mama mukwe wako, na kaka yetu fundi wa nguo, na mukewe aliyezaa juzi. Naandikia darasani, watoto wameenda, mvua imeleta giza na nimewasha taa. Neema amesimama mulangoni, ampuli iko mukononi. Siku zote ananiambia, "Mama mudogo, usisahau kuzima." Leo ananyamaza, anangoja nitoke.

Mudogo wako,
Mapendo